Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Antena Zetu Katika Nyumba Zisizotaka Antena

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha redio ya ridhaa, yaani sisi tunaowasiliana hewani kwa kupenda tu, atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya yako kwa katibu. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililoishughulisha kamati ya ufundi mwaka mzima, nalo ni swali la karibu kila anayejiunga nasi: leseni ninayo, redio ninayo, ila mkataba wa nyumba unakataza antena. Nifanyeje?

Niseme kwanza msimamo wa kamati, maana kuna waliotusikia vibaya. Kumsaidia mwanachama aweke antena isiyochusha macho ni kazi yetu. Kumsaidia akiuke mkataba aliousaini mwenyewe si kazi yetu. Leseni inakuruhusu kurusha mawimbi, haikupi mamlaka juu ya paa la mtu. Hata Marekani, ambako FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilitoa uamuzi wa PRB-1 mwaka 1985 kuzitaka serikali za mitaa zisiwabane kupita kiasi waendesha redio ya ridhaa, uamuzi huo haukugusa mikataba ya binafsi baina ya wakazi na vyama vya makazi. Basi soma mkataba wako neno kwa neno. Mingine inakataza kitu cha kudumu tu, na waya unaotundikwa jioni na kushushwa kabla ya kulala haumo. Penye utata, omba ruhusa kwa maandishi, tena omba kitu kidogo chenye vipimo: waya mmoja, unene wake, unapoanzia na unapoishia. Ukiandika "naomba kuweka antena" na kuishia hapo, mwenye nyumba atafikiria mnara.

Tuje kwenye waya wenyewe. Kanuni tunayoitumia ni ile ya siku zote: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa nusu wimbi kwa mita. Kwa bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) ni kama mita 20, kwa mita 20 ni mita 10, na kwa mita 10 ni mita 5 tu. Anza na waya mrefu kidogo kisha punguza, hasa ukiwa na ganda la plastiki, kwa sababu ganda hilo huufanya uwe mrefu kiumeme kuliko ulivyo kwa futi ya kupimia. Waya wa nusu milimita, wa kijivu au mweusi usiong'aa, hauonekani ng'ambo ya uwanja. Ubaya wake ni kwamba hukatika upepo ukichachamaa, kwa hiyo usiuvute ukakaza.

Wengi wenu mmechagua waya unaolishwa kwenye ncha moja, na mna sababu: hauhitaji kebo ya kuning'inia katikati ya hewa ambayo kila mpita njia ataiona. Transfoma ya 49 kwa 1 hushusha omu zipatazo 2,450 za ncha hiyo hadi 50 zinazotakiwa na redio. Mwenzetu mmoja ameupitisha wake sambamba na kamba ya kuanikia nguo, akaufunga kwa uzi kila baada ya hatua moja, na kisanduku cha transfoma kimekaa nyuma ya chungu cha maua. Nguo zikianikwa zimelowa, utuni, yaani masafa ambayo antena inayakubali vizuri, unahama. Yeye husubiri zikauke ndipo aingie hewani.

Ndani ya dari pia panafaa, mradi paa ni la vigae au mbao. Chini ya mabati usijisumbue. Bendi ya mita 10 ndiyo inayoingia vizuri kwenye kenchi, na jua limetupa msaada: mzunguko wa 25 wa madoa ya jua ulifika kilele 2024, na madoa yakiwa mengi anga la juu huyarudisha mawimbi ya bendi hii hadi mbali, hata kwa dipoli (waya wa nusu wimbi unaolishwa katikati) ya mita 5 iliyofichwa darini watu wamezungumza na mabara mengine. Sasa tunashuka kutoka kileleni, kwa hiyo mwenye nia asikawie. Kwa mazungumzo ya karibu, waya wa chini wa mita 40 wala si kasoro: hupeleka mawimbi juu moja kwa moja, nayo hurudi na kufunika kilomita mia kadhaa kuuzunguka.

Kitanzi cha sumaku, yaani antena ya duara yenye kapasita ya kuitunia, cha kipenyo cha mita moja kinaweza kukaa kibarazani, lakini kina masharti. Utuni wake ni mwembamba mno, ukisogea kidogo kwenye bendi unazungusha kapasita upya. Na kwa wati 100, kati ya ncha za kapasita hiyo kuna maelfu ya volti. Kamati haipendekezi zaidi ya wati 10 kwa kitanzi kilicho karibu na mahali watu wanapokaa, na mkono wa mtoto usifike hapo kabisa.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Malalamiko yote yaliyotufikia mwaka huu yaliletwa na sauti. Hakuna jirani aliyelalamika kuwa ameona waya. Spika za jirani zilikoroma, taa za ngazini zilicheza, kengele ya mlango ililia yenyewe. Mwanachama amejificha macho ya watu kwa ustadi mkubwa, halafu redio yake ikajitangaza kwenye sebule ya pili. Mkondo unaorudi kwa nje ya kebo ya koaksia, ile inayounganisha redio na antena, huingia kwenye nyaya za jengo, na antena ya ncha moja isiyopewa waya wa kurudishia huifanya kebo ndiyo iwe waya huo.

Dawa ni rahisi, na ndiyo maana tuliwakusanya ukumbini kuzungusha kebo kwenye pete za feraiti, madini ya sumaku yanayozuia mkondo huo. Ipe transfoma waya wa kurudishia wenye urefu wa asilimia 5 ya wimbi, yaani kama mita 2 kwa bendi ya mita 40, kisha funga kizuizi cha feraiti kwenye kebo kabla haijaingia nyumbani. Tumia pete ya feraiti ya aina iitwayo mchanganyiko namba 31, mizunguko kumi hivi ya koaksia nyembamba, mizunguko isipandane. Walioifunga wakaona faida ya pili: kelele za chaja na taa za LED zilizokuwa zikipanda kwenye kebo zikapungua, na stesheni dhaifu zikajitokeza.

Pia punguzeni nguvu. Kutoka wati 100 hadi 25 ni desibeli 6 tu, sawa na alama moja ya kipimo cha S (kile cha nguvu ya ishara redioni) kwa anayekusikiliza, lakini kwa spika za jirani tofauti ni kubwa. Kwa FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta iliyotoka 2017, ishara husomeka hata ikiwa chini ya kelele kwa desibeli 20, na wati 5 zinatosha kukufikisha mbali. Najua wapo wasioipenda kwa kuwa haina sauti ya mtu. Hiari yenu.

Kuhusu radi sina maneno mengi: waya ulio nje ushushwe au ung'olewe kwenye redio mawingu yakianza kukusanyika.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa pete za feraiti kwa pamoja, na kipima antena cha pili, kwani kilichopo hakikai. Inapendekeza vilevile barua ya mfano ya kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Rasimu itasambazwa wakati wa mapumziko, kila mwenye marekebisho ayaandike pembeni na kuirudisha kwa katibu kabla hatujapiga kura. Na aliye na kile kipima tangu mwezi uliopita, tafadhali akilete leo.