Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya sayansi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi mlioacha biashara na mashamba mkaja, pamoja na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na nyie wa rika letu mambo vipi.

Karibu sana mheshimiwa. Tuliposikia mgeni rasmi anatoka kiwanda cha samaki, tena upande wa umeme na mashine za baridi, risala ya kwanza tukaitupa maana ilikuwa imejaa sifa za majengo ya shule, na wewe majengo si utayaona mwenyewe. Tukaandika hii.

Umepita meza zetu tatu, ya elektroniki, ya samaki na ya umeme wa viwandani. Watu wengi wanatuuliza hivi vitu vinakutana wapi, mbona kama mmekusanya tu chochote. Basi tuanze na samaki kwa sababu hapa Mwanza kila mtu ana neno la kusema kuhusu samaki.

Wale furu wadogo mnaowaona kwenye chupa, wengi wetu tunawaona ni wa chambo au wa mboga siku hela haipo, lakini dunia nzima ya vinasaba inawajua. Ziwa Victoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na ndani ya muda huo mfupi wakatokea aina karibu 500 za furu ambazo hazipo popote pengine. Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, kwa jina la Mwalimu, dume lake lina wekundu mgongoni na anakaa chini kidogo, alafu yuko ndugu yake wa bluu anakaa juu karibu na mawe. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi kwenye visiwa vya hapa ghuba ya Mwanza walionyesha kwamba hawa wawili wanatofautiana kwenye jeni ya macho, yaani kinasaba cha kuona rangi, maana ukishuka chini ya maji ya ziwa letu mwanga unaobaki ni wa upande wa wekundu, kwa hiyo wa chini jicho lake limekaa vizuri kuona wekundu na jike anachagua dume analoliona vizuri. Pale maji yalipochafuka sana wakawa hawatengani tena, wanachanganyika. Na mwaka 2014 zilipotolewa jinomu, yaani orodha nzima ya vinasaba, za samaki watano wa jamii hii kutoka Afrika, nyererei alikuwemo, na sato naye alikuwemo.

Sato ndiye mwenye hela. Dume anakua haraka kuliko jike, na ukiwachanganya kwenye bwawa wanazaliana wanajaa vidogovidogo tu, kwa hiyo mfugaji anataka madume matupu. Jambo lililotushangaza sisi ni kwamba mwaka 1960 huko Malacca, Malaysia ya leo, watafiti walitangaza kwamba wamechukua perege wa asili ya Zanzibar, ndugu yake sato, wakamzalisha na perege wa Msumbiji, wakapata vifaranga madume karibu wote, bila homoni wala nini, jinsia tu ilivyopangwa kwenye vinasaba. Samaki wa kwetu, jibu likapatikana Malaysia! Na upande wa pili wa shilingi ni kwamba sato akipelekwa mito mingine ya Tanzania anazaliana na perege wa asili wa kule, mwisho yule wa asili anapotea kimyakimya, na kwa macho huwezi kujua, lazima usome DNA.

Sasa kusoma DNA ndiko kunakotupeleka meza ya elektroniki. Kipo kifaa kinaitwa MinION, cha Uingereza, kinaingia mfukoni, unachomeka kwenye laptopu kama flashi. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno, uzi wa DNA unavutwa kupita kwenye kitundu, na kila herufi zinapopita karenti inabadilika kidogo, chipu inasoma hayo mabadiliko. Karenti yenyewe ni ya pikoampea, yaani ampea moja igawanye mara trilioni ndo upate kimoja. Wataalamu wa mihogo wa Tanzania, Kenya na Uganda walishakitumia shambani, wamekaa chini ya mti na betri, wakasoma virusi vya muhogo palepale badala ya kusafirisha sampuli nje wasubiri miezi.

Lakini kabla ya kufika hapo, kazi nyingi za vinasaba zinapitia PCR, njia ya kunakili DNA kidogo iwe nyingi, mashine inapasha hadi nyuzi 95, inashusha, inapandisha, inarudia mara 30 hivi. Kipande cha pezi la samaki cha kutolea DNA ukikiweka kwenye spiriti kali kinakaa tu hata bila friji, hilo halina shida, shida ni vimeng'enya vinavyofanya hiyo kazi ya kunakili, vinataka nyuzi 20 chini ya sifuri muda wote. Tulitembelea maabara moja umeme ukakatika mashine iko katikati, mtaalamu akaangalia saa, akafunua mfuniko, akatoa mirija yote akatupa. Hakusema kitu. Inaonekana alishazoea.

Kwa hiyo mheshimiwa ukituuliza utafiti wa samaki unakwamia wapi, sisi tutakujibu ni kwenye umeme kwanza.

Na hapa tunakuomba uangalie tena kile kiboksi cheupe cha meza ya elektroniki. Ni chipu ya ESP32 inayoendesha kila kitu, kipima joto cha kuzama majini, moduli ya laini ya simu na betri tulizochomoa kwenye laptopu zilizokufa. Kinakaa kwenye kizimba cha sato, kinapima joto la maji, kikiona limeshuka ghafla kinamtumia mwenye kizimba meseji, kwa sababu maji ya chini, ya baridi na yasiyo na hewa, yakipanda juu samaki wanakufa usiku mmoja wote. Kipimo cha hewa yenyewe ndani ya maji bei yake hatuigusi, ndiyo maana tunatumia joto. Mwanzoni kilikuwa kinajizima kila kikitaka kutuma meseji. Sababu ni kwamba chipu ikilala inakula karenti ndogo kabisa, ila moduli ya simu ikianza kurusha inavuta hadi ampea 2 kwa mpigo, volteji inaanguka, chipu inazimika. Tukalehemu kapasita kubwa, inayotunza chaji na kuitoa kwa haraka, pembeni ya moduli, ikatulia.

Mwalimu wetu wa fizikia akatwambia hilo ndilo tatizo la kiwanda chako. Kompresa ya amonia ya mashine za baridi ikiwaka, mota yake inavuta mara tano hadi saba ya karenti ya kawaida, taa za jirani zinafifia, ndiyo maana mna vifaa vya kuiwasha taratibu. Na Mwanza tuko mbali na mitambo mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, lakini umeme lazima usafiri hadi huku, na hasara njiani inapanda kwa mraba wa karenti, ukipandisha volteji mara mbili hasara inabaki robo. Ndo kazi ya zile laini za kilovolti 400. Umeme kuwepo nchini ni jambo moja, kufika kwenye friza yako saa nane usiku ukiwa na nguvu ni jambo lingine, na watu wanapenda kushangilia la kwanza tu.

Changamoto zetu unazijua, hela, intaneti, na chumba tunagawana na wapishi.

Maombi sasa. Fulana na kofia hatuombi. Tunaomba friza moja hata iliyotumika pamoja na betri ya kuishikilia umeme ukikata, ili tuanze kutunza sampuli na vimeng'enya. Tunaomba bodi zenu mbovu za mashine msizitupe, mtupe sisi. Na tunaomba ruhusa tuweke viboksi vyetu kwenye chumba chenu cha baridi mwezi mmoja, tuone joto linavyopanda umeme ukikatika hadi jenereta ishike, data zote tutawapa nyie kwanza. Mapanki, ile mifupa inayobaki mkishatoa minofu, tunayapata, hayo usijali.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu ya sayansi.