Salamu za Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana kwa Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nawasalimu kutoka Mbeya katika majira ambayo wengi wenu mko mashambani: wa Kyela mkihangaika na mpunga, wa Mbozi na Ismani mkingoja mahindi yakauke vizuri, na wa Makete na Uporoto mkijiandaa kwa baridi ambayo hamhitaji kutangaziwa na mtu. Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana huangukia Alhamisi, siku ya arobaini ya Pasaka, kati ya tarehe 30 Aprili na tarehe 3 Juni. Kwa kuwa hapa nchini si siku ya mapumziko, wengi huja ibadani jioni wakitokea kazini, na idadi yao mara nyingi haimfurahishi mzee wa kanisa anayeandika mahudhurio. Yako makanisa yanayoiadhimisha Jumapili inayofuata, nami siyalaumu hata kidogo.

Linalonisumbua ni jinsi tunavyoiruka sikukuu hii mioyoni. Kila Jumapili tunakiri kwamba Bwana alipaa mbinguni na kwamba ameketi mkono wa kuume wa Mungu Baba, kisha tunatoka kanisani na kuishi kana kwamba kiti kile kiko wazi. Pengine ni kwa sababu tunaidhania kuwa habari ya kuagana. Lakini Luka, aliyeiandika mara mbili, mwishoni mwa Injili yake na mwanzoni mwa Matendo ya Mitume, anasema kwamba Bwana aliinua mikono yake akawabariki, akatengwa nao akiwa katika kuwabariki, nao wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu. Watu waliofiwa au kuachwa hawarudi nyumbani hivyo. Chifu anaposimikwa na kuketi kitini pake, hakuna mtu wa ukoo anayelia kwamba ameondoka; ndiyo kwanza ameanza kuwa wa wote, hata wa wale wanaokaa mbali na boma. Wanafunzi walielewa jambo la namna hiyo, na kwa kuelewa huko waliweza kudumu katika kuomba siku zile kumi za kungoja Pentekoste, pamoja na wanawake na Mariamu mama yake Yesu, bila mpango mwingine wowote mikononi mwao.

Sisi wa nyanda hizi tuna sababu yetu wenyewe ya kulishika hilo. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifungua kituo Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa misioni ya Berlin wakaingia Unyakyusa, ambako baadaye walitoka kwenda Ukinga, Ubena na Uhehe. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, nao walianzisha kazi Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla karne ile haijaisha. Kisha vita vikafika. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalipoiteka nchi hii, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, na Walutheri na Wamoravian hawakuweza kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari Waskoti wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walisaidia walivyoweza, na Iringa walikuja Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, mwaka 1919, lakini katika vijiji vingi waliobaki na kazi ni walimu na wainjilisti wenyeji, ambao wengi wao majina yao hayamo katika vitabu. Makusanyiko yaliendelea. Watu waliendelea kufundishwa, kuombeana na kuzikana kwa imani, kwa sababu Bwana waliyemwamini hakuja ndani ya mzigo wa mmisionari wala hakuondoka naye. Alikuwa ameketi pale alipo tangu siku ile ya Mlima wa Mizeituni, na Rungwe ilikuwa chini ya mamlaka yake kabla mtu yeyote wa Ulaya hajaiona.

Naomba tulitafakari hili tunapozungumza juu ya uinjilisti, maana siku hizi tunauongea sana kwa lugha ya bajeti, vipaza sauti na gari la mkutano. Vyote vina kazi yake. Hata hivyo, katika Mathayo sura ya 28, Bwana alitangaza kwanza kwamba amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani, ndipo akawatuma watu ambao baadhi yao, kwa ushuhuda wa Injili yenyewe, walikuwa wanaona shaka. Kama mamlaka hayo ni yote, basi Mkristo wa Tunduma au Chunya hana sababu ya kufunga hirizi mlangoni pa duka usiku na kuimba kwaya asubuhi. Nalisema bila kuficha kwa kuwa hofu ya uchawi imevunja familia nyingi huku kwetu na imemwaga damu, na mimbari zetu hulinyamazia kwa adabu isiyofaa.

Tena aliyepaa alipaa na mwili wetu, wenye alama za misumari. Njombe kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na hakuna usharika huko ambao haujui maana ya kulea yatima. Mama anayekwenda kumwogesha jirani aliyelala kitandani anaugusa mwili wa aina ileile ambayo sasa iko mkono wa kuume wa Mungu. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba Kristo yu hai sikuzote ili awaombee wamjiao Mungu kwa yeye, na ninaamini mgonjwa huyo hutajwa huko hata wiki ambazo sisi tumesahau kumtaja kwenye maombi ya jumuiya.

Zimebaki siku kumi kufikia Pentekoste. Nawaomba jumuiya na sharika zitenge jioni za siku hizo kwa maombi, hata kwa watu watatu jikoni kwa mtu, mkiwakumbuka vijana waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, madereva wa barabara ya Tunduma, na wainjilisti wa mitaa ya mbali wanaotembea kwa miguu baada ya mvua kuharibu njia. Wagonjwa wasioweza kuja wafuatwe nyumbani.

Nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana wetu Yesu Kristo, pamoja na mavuno mema.