Muziki wa kelele unaua taharuki

Mhariri,

Filamu nyingi za taharuki zinazotengenezwa hapa Nairobi huanza kwa namna moja: usiku, mtu anapita mbio kichochoroni, na muziki unanguruma tangu sekunde ya kwanza. Mtazamaji anaamriwa aogope kabla hajajua anaogopa nini.

Taharuki huzaliwa mtazamaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui. Tazama mwanzo wa Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958. Mkono unategesha saa ya bomu, bomu linatiwa kwenye buti la gari, kisha mwenye gari na mwenzake wanaondoka bila habari. Kamera inaliandama gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika 3 bila mkato hata mmoja, yaani bila kurukia picha nyingine. Mkato humpa mtazamaji nafasi ya kupumua, kwa sababu anahisi muda umerukwa. Hapa haurukwi. Gari linapunguza mwendo, wapita njia wanakaribia, na saa inakwenda.

Kampuni iliyoitoa ilibandika majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini juu ya picha hiyo. Welles alikuwa ameandika waraka wa kurasa 58 akiomba marekebisho. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata, akaondoa majina na kuacha sauti za mtaani: muziki wa vilabu na redio ya garini. Redio ikisikika karibu, unajua bomu li karibu hata gari lisipoonekana. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko urefu wa picha yenyewe.

Waelekezi wetu wana honi za matatu na makanga wanaoita abiria, lakini wanazifukia sauti hizo chini ya ngoma. Zirekodini peke yake. Pia rekodini utulivu wa mahali penyewe, sekunde 30 hadi 60, kila mtu akiwa kimya. Bila huo, muziki ukiondolewa hubaki ukimya mfu, na mtazamaji hudhani spika imeharibika.

Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo pigeni picha 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) ikiwa 1/50 ya sekunde. Mkiweka 1/60, baadhi ya taa za barabarani zitapepesa, na kasoro hiyo ni shida kuitoa wakati wa kuhariri. Giza totoro nalo huijaza kamera ndogo chengachenga. Afadhali mtumie zile dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na buluu. Katika muda huo, picha ya dakika 3 isiyo na mkato itarudiwa mara tatu tu, pengine nne, kwa kuwa gari na watu lazima warudi mwanzo. Fanyeni mazoezi yote mchana.

Muziki, kama ni lazima, uingie baada ya mkato wa kwanza.

Mhariri wa filamu,
Nairobi