Risala ya Waongozaji Wageni na Wakulima wa Viungo na Vipepeo wa Amani, Muheza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Wenyeviti wa Vijiji, Maafisa wa Hifadhi,
Wazee wetu, walimu, waongozaji mnaopokea vyeti leo, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umepanda leo kutoka Muheza mjini, safari ya zaidi ya kilomita 30, na umejionea michungwa ya bondeni inavyoisha, barabara inavyoanza kujikunja na hewa inavyopoa kadiri unavyokaribia Amani. Karibu sana. Kwa ruhusa yako tutafupisha shukrani ili tukuelezee kazi yenyewe, kwa sababu ombi letu kubwa halitaeleweka bila kuijua. Ombi hilo tulitaje mapema: tunataka mgeni wa Amani alale.

Wageni wengi wanafika hapa saa tano asubuhi na saa tisa gari limeshageuza. Kwa msitu, hizo ni saa mbaya kuliko zote. Ndege wamenyamaza, vinyonga wamejibana kwenye majani, vyura hawaonekani. Mgeni anaona miti, anapiga picha kwenye kibao cha hifadhi, ananunua soda moja, anaondoka akisema Amani ni pazuri ila hakuna wanyama. Wanyama wapo. Aliyekosekana ni yeye, kwa saa zake.

Historia ya mahali hapa wengi wenu mnaijua, hivyo tutaigusa tu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, wakaleta mpira, mikwinini, viungo na miti ya mbao kutoka pembe zote za dunia kuona upi utakubali udongo wetu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia dawa ya kwinini ya askari wao ilitengenezwa hapa kwa magome ya miti hiyo. Waingereza waliendeleza kituo, na kazi ya kutafuta mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato ilianza hapa miaka ya 1930. Baadaye utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na utafiti wa malaria. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380. Maji ya Mto Sigi yanayotoka kwenye misitu hii ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Mtu wa Tanga akifungua bomba, anafungua na msitu wetu.

Sasa kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mgeni anayelala tunaanza naye usiku, kuanzia saa moja na nusu. Mwongozaji mmoja huchukua wageni wasiozidi sita, kila mmoja na tochi yake, na mwongozaji ana tochi ya akiba na betri mpya. Tunatembea taratibu sana, mita mia mbili kwa nusu saa. Anayekwenda haraka kuliko hapo anapita karibu na kila kitu bila kukiona. Kinyonga mchana ni jani. Usiku rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kama karatasi nyeupe juu ya ncha ya tawi. Hulala nchani kwa sababu nyoka akipanda tawi, tawi hutikisika, naye huachia na kudondoka. Ndiyo maana tunawafundisha waongozaji wapya wasilivute tawi ili mgeni apige picha: kinyonga ataanguka, na usiku ule hatapanda tena kwa urahisi. Wapo wenye pembe tatu, ambao dume ndiye mwenye pembe na jike hana, na jina lao la kisayansi limetokana na Derema, jirani zetu hapa. Wapo pia wadogo wa kahawia, hawazidi urefu wa kidole, wanaofanana na jani kavu hadi mshipa wa katikati. Hao hulala chini, usawa wa goti, kwa hiyo anayemulika juu tu hawaoni kabisa. Katika majani hayohayo ya chini hukaa chura mdogo ambaye jike wake hatagi majini kama vyura wengine: huzaa vyura kamili, wadogo kama punje ya mtama. Mgeni wa Ulaya akiambiwa hivyo huomba arudiwe mara mbili.

Anayelala huamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndege wa Amani ni wa saa tatu za kwanza za mwangaza. Wapo watu wanaovuka bahari kumtafuta ndege mmoja tu, mdogo, wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, aliyepewa jina la kisayansi la Moreau, mtafiti aliyefanya kazi hapa enzi za Waingereza. Ndege huyu anajulikana Usambara Mashariki na sehemu moja ya kaskazini mwa Msumbiji, basi. Hukaa kwenye mimea inayotambaa juu ya miti, pembeni mwa nafasi ambapo mti umeanguka. Hapa pana tatizo tunaloomba lisikike mbele yako, maana linafanywa na sisi wenyewe: kumpigia sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu. Ndege akisikia, anadhani dume mgeni ameingia eneo lake, anaacha kula na kulisha makinda ili aje kupigana na simu. Ikipigwa mara moja, sekunde chache, anaweza kuvumilia. Ikipigwa kila asubuhi na makundi matatu, ama anahama ama anazoea na haji tena. Tumekubaliana: mara mbili tu kwa kundi, na kipindi cha kutaga haipigwi kabisa. Tunaomba kanuni hiyo iandikwe kwenye kibao cha lango la Sigi, la kuingilia hifadhini, maana mwongozaji mchanga peke yake hawezi kumkatalia mgeni aliyelipa tiketi ya ndege kutoka ng'ambo.

Njiani wageni huuliza kwa nini miti mingine mirefu imejaa kote kama iliyopandwa. Ni musizi, mti mgeni kwa milima hii. Huota upesi palipokatwa msitu, na ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu kila anakopita. Ukikata mtambara mmoja, mti wa asili wa hapa, anayekalia nafasi yake mara nyingi ni musizi. Na ua dogo la urujuani linalowekwa madirishani kote duniani, asili yake ni miamba hii yenye kivuli kandokando ya vijito. Mjerumani Saint Paul aliyekuwa mtawala wa Tanga ndiye aliyepeleka mbegu kwao mwaka 1892. Tunalionyesha kwa umbali wa hatua mbili. Anayesogea zaidi hukanyaga udongo mwembamba ulioshikilia mizizi juu ya jiwe, na udongo huo ukishamomonyoka haurudi kwa msimu mmoja.

Siafu nao tuwaseme, maana ndio wanaoharibu safari nyingi kuliko mvua. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Ukikuta mstari wao, ruka na uendelee. Anayesimama kukung'uta miguu juu ya mstari ndiye anayepandwa. Aliyeng'ata hutolewa kwa vidole, mmoja mmoja. Maji hayamwachishi.

Saa nne jua likitoka, zamu ni ya vipepeo. Ufugaji huu ulianza vijijini kwetu miaka ya mwanzo ya 2000, na pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kwenye ganda kabla hajawa kipepeo, zilikuwa zikisafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani, zimefungwa kwenye pamba ndani ya boksi, zikikimbizana na siku za kutotoka. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulisimamishwa, na vipepeo wakaingia humohumo. Wengi waliacha. Waliobaki wanamtegemea mgeni anayefika mlangoni. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa: kibanda cha wavu, maua ya asali, na mmea ambao jike wa aina ile hutaga juu yake. Kila aina ina mmea wake. Ukikosea mmea, jike huzunguka hadi akafa bila kutaga. Kwa mfano kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hutaga kwenye majani ya michungwa na milimau, na wakulima wa machungwa wa Muheza wanamfahamu vizuri kwa sababu viwavi wake ndio wanaotafuna miche yao, wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Kinachoua banda ni sisimizi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi. Dawa ya sisimizi ni miguu ya meza kusimama ndani ya makopo ya maji. Dawa ya nyigu ni wavu usio na tundu hata moja, na tundu hupatikana kila wiki. Siku ya ukungu vipepeo hawaruki. Hilo nalo mgeni wa saa chache halijui, akija siku ya ukungu anadhani ametapeliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje gulioni, ambako ndiko fedha ya mgeni inakobaki kijijini. Tunauza iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini. Iliki huchumwa ikiwa bado kijani, kabla haijapasuka, na kilo tano mbichi hutoa takribani kilo moja kavu. Shida yetu ni kukausha. Milimani hapa mvua ni takribani milimita 2,000 kwa mwaka na hakuna mwezi usiokuwa na mvua, kwa hiyo mkulima huanika iliki saa nne, saa nane anaikusanya imelowa, kesho anarudia. Siku ya nne imekuwa na madoa na harufu ya ukungu. Jua kali nalo likiipata moja kwa moja hupauka rangi na kupasuka, mbegu zikamwagika. Inataka kivuli chenye joto na upepo unaopita chini yake. Pilipili manga ni nyepesi zaidi: chuma kishada kikiwa na punje moja mbili nyekundu, anika hadi iwe nyeusi na iliyokunjamana.

Mgeni tunamfundisha kujipimia mwenyewe. Iliki kavu ukiitikisa sikioni mbegu zinagonga ndani, isiyogonga, irudishe. Karafuu ivunje kwa kucha, inapaswa kukatika, si kupinda. Tunamwambia hivyo hata kama mwenye meza ni shangazi yetu, kwa sababu mgeni akifika nyumbani akakuta mzigo umeota ukungu, hamtaji shangazi, anaitaja Amani.

Kuna biashara moja tunaikataa wazi: watoto wanaosimama barabarani na kinyonga juu ya kijiti wakitaka mia tano ya picha. Kinyonga yule ameshikwa alfajiri, hajala wala kunywa, na jioni hutupwa mahali asikotoka. Walimu waliopo hapa watusaidie. Mtoto huyohuyo anaweza kulipwa kwa kuonyesha kinyonga alipo bila kumgusa.

Changamoto nyingine ni mbili. Kipande cha kutoka Sigi kupanda Amani ni cha udongo mwekundu. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne linateleza kwenye kona, na bodaboda aliyebeba mizigo miwili huanguka. Ya pili ni malipo ya kiingilio. Hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na mtandao wa simu hukatika ukishapita bondeni, kwa hiyo mgeni asiyejua hukaa langoni akiinua simu juu kama antena wakati asubuhi ya ndege inapita. Tunawashauri wote walipie wakiwa bado Muheza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Vichanja vitano vya kukaushia viungo, vya mita sita kwa mita moja na nusu, vilivyoinuliwa mita moja kutoka ardhini, vyenye wavu chini na paa la nailoni la mteremko. Choo cha matundu mawili gulioni, maana mgeni asiye na choo haongezi saa. Tochi kumi za kichwani kwa waongozaji. Changarawe kwenye kona nne mbaya kati ya Sigi na Amani. Vijana watajitolea kuisambaza, wanachokosa ni lori. Na ofisi yako itusaidie kuwafikia wenye magari ya safari wanaotoka Tanga na Pangani, ili kwenye ratiba zao waandike Amani usiku mmoja, wafike saa kumi jioni na waondoke kesho yake saa sita mchana, wakiwa wameshapita gulioni.

Vyumba vya kulala wageni vipo, na chai ya milimani ipo. Usiku wa leo, Mheshimiwa, tunakuandalia tochi ukikubali kubaki.

Tunaomba kuwasilisha.

Waongozaji Wageni na Wakulima wa Viungo na Vipepeo,
Amani, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga