Kinundu kwenye njia ya mpira wa nyongo kipimwe, kisidhaniwe jipu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaouguza wagonjwa wa saratani hatuambiwi siku ya kuruhusiwa hospitalini.

Mwaka jana mama yangu mkubwa, mkazi wa Chamwino, aligeuka manjano macho na ngozi, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na mwili ukamwasha hata usiku halali. Vipimo vilionyesha saratani imeziba njia ya nyongo. Akapitishiwa mpira ubavuni hadi ndani ya ini, nyongo ikawa inashukia kwenye mfuko aliouficha chini ya kitenge. Mpira ule ulimpa nafuu kubwa, wala sijutii kuukubali, kwani nyongo ikiziba huleta maambukizi makali na kuliharibu ini.

Miezi kadhaa baadaye, palepale mpira ulipopita, kiliota kinundu kigumu, kwanza mfano wa punje ya mtama, kisha kikawa kama zabibu. Zahanatini tuliambiwa ni jipu, akapewa vidonge mara mbili, ingawa hakikuwa na usaha wala joto. Kilipokatwa kipande kidogo na kupelekwa maabara, ilikuwa saratani ileile.

Daktari alitufafanulia kwamba chembe za saratani huweza kuelea ndani ya nyongo, na nyingine zikanasa katika njia ya mpira na kuota kwenye ngozi au ukuta wa tumbo. Huwapata wagonjwa wachache. Jambo hilohilo hutokea kwenye mipira ya kutolea maji kifuani, hasa kwa wenye saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi la asbesto. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari wengi, panapowezekana, kupendelea kuzibua nyongo kwa kifaa kinachopitia mdomoni, hasa kwa mgonjwa anayetarajiwa kufanyiwa upasuaji.

Kadi aliyopewa mama mkubwa ilieleza vizuri namna ya kusafisha kidonda, kumwaga mfuko na kurudi upesi akipata homa. Ninaziomba hospitali ziongeze sentensi moja tu: uvimbe wowote unaoota mpira ulipopita, hata kama mpira umekwishatolewa, uonyeshwe kwa daktari aliyeuweka. Na waganga wa zahanati zetu, wakiona kovu la mpira kwa mgonjwa wa saratani, wampe rufaa kabla ya kumwandikia vidonge.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma