Bango la sumu ya kuvuta lisifichwe chini ya turubai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi za uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tunaliona mara kwa mara, nalo ni namna mizigo ya gesi zenye sumu inavyopita katikati ya watu bila alama zinazostahili. Sizungumzii petroli, ambayo kila mtu huitambua kwa harufu na kwa umbo la tanki lake. Nazungumzia klorini ya kusafishia maji, amonia ya mitambo ya kugandisha barafu, na dawa za kufukizia nafaka, yaani vitu vinavyomuua mtu kwa kuvivuta puani tu, hata kama hakuvigusa wala kuvionja.

Tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba nchini Jordan, tanki moja la klorini lilianguka lilipokuwa likipakiwa melini, wakafa watu 13 na wengine zaidi ya 250 wakaumia. Huko Graniteville, jimbo la South Carolina nchini Marekani, Januari 2005, behewa la klorini lilitoboka baada ya treni kugonga nyingine iliyoegeshwa, wakafa watu 9. Gesi hii ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo haipai ikapotea bali hutambaa ardhini na kujaa mitaroni na mabondeni, ambako ndiko watu wengi wenye hofu hukimbilia.

Wamarekani wameiwekea sumu ya kuvuta masharti ya peke yake. Mizigo mingi ya hatari kwao haidaiwi bango la gari mpaka ifike kilo 454, lakini sumu hii hudaiwa bango kwa kiasi chochote, hata ukiwa mtungi mmoja, na bango hilo huonekana pande zote nne za gari. Chombo chenyewe huandikwa kwa maneno kwamba hatari yake ni ya kuvuta, isipokuwa maneno hayo yawe tayari kwenye lebo, na lebo yao ina fuvu jeupe juu ya weusi, ili lisichanganywe na fuvu jeusi la sumu nyingine. Mtungi mtupu nao hauvuliwi alama zake mpaka usafishwe na kuondolewa mabaki ya gesi.

Makontena yanayotufikia kutoka Mombasa hufuata utaratibu wa Umoja wa Mataifa, ambao hauna fuvu la namna mbili. Gesi ya sumu na sumu ya kumeza zote zina fuvu jeusi kwenye mraba mweupe uliosimama kwa ncha, na kinachozitenga ni tarakimu ya pembe ya chini: 2 kwa gesi, 6 kwa ile nyingine. Mwananchi wetu amelizoea fuvu hilo kwenye kichupa cha sumu ya panya, ambako humwambia asinywe. Akiliona kwenye lori hana sababu ya kusogea mbali, kwa kuwa hana nia ya kunywa kilichomo.

Tena hiyo ni pale fuvu lenyewe linapoonekana. Mizigo ikishushwa ghalani na mitungi ikahamishiwa kwenye kanta za kwenda miji ya ndani, mabango hubaki na kontena. Nimeiona kanta moja yenye mitungi ya klorini, turubai limefungwa kwa kamba hadi chini ya bodi, lebo ya mtungi wa nyuma imekwanguka isibaki hata 1017, namba ya Umoja wa Mataifa ya kuitambulisha klorini, ambayo wazima moto wangeitafuta kwanza, na akina mama wawili wa chapati wameweka sigiri zao ubavuni wapate kivuli. Utingo alipoulizwa amebeba nini alijibu, "Dawa ya maji, mzee." Hakusema uongo, na mama mmoja akaendelea kusukuma chapati zake.

Nafaka nazo zisisahauliwe. Kontena lililofukizwa linapaswa kubandikwa mlangoni tangazo lenye upana wa milimita 400 na kimo cha milimita 300, likitaja dawa iliyotumika, tarehe na saa ya kufukiza, na onyo la kutoingia. Vidonge vya fosfidi ya alumini vikipata unyevu hutoa fosfini, nayo haina huruma kwa mpagazi anayefungua mlango na kujitosa ndani.

Wasafirishaji huniambia, na siwezi kuwalaumu kwa hilo, kwamba bango huita kizuizi cha barabarani kila baada ya kilomita chache, na kila kizuizi kina gharama yake. Basi mamlaka zetu zikague mzigo wa aina hii mara moja tu, mpakani au ghalani unapohamishwa, zitoe hati moja inayoheshimiwa hadi mwisho wa safari, na zisiruhusu gari kutoka getini kabla mabango hayajafungwa juu ya turubai. Chini ya kila bango pawe na maandishi makubwa ya Kiswahili, ambayo dereva wa Mombasa, polisi wa Tororo na mchuuzi wa Elegu wote watayasoma: GESI YA SUMU, USIKAE KARIBU, IKIVUJA KIMBILIA UPEPO UNAKOTOKA NA PANDA MAHALI PA JUU.

Wako mtiifu,
Wakala wa forodha, Malaba