Siku ya mahafali karakana inafungwa, kwa nini jamani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila msimu wa mahafali ukifika linanichoma upya. Mimi ni fundi sanifu kwenye karakana ya chuo kikuu kimoja cha ufundi, jina la chuo naliacha maana nina kazi na bado naipenda, na isitoshe sisemi habari ya chuo kimoja tu, nimeongea na wenzangu wa kwingine wanasema kwao ni vile vile. Siku ya mahafali, ile siku moja ambayo wazazi na ndugu wa wanafunzi wanaingia chuoni kwa mamia, karakana na maabara zote zinapigwa kufuli. Mlinzi anawekwa mlangoni. Ukiuliza sababu unaambiwa usalama, ukiuliza tena unaambiwa ndo utaratibu.

Sasa hebu fikiria, mtu kasomesha mtoto uhandisi wa mitambo miaka minne au mitano, kaja na nguo zake nzuri, kakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, kasikiliza hotuba ya makamu mkuu wa chuo, ya mwenyekiti wa baraza, ya mgeni rasmi, mara nyingine ya mwakilishi wa mgeni rasmi maana mwenyewe kapata dharura, halafu mkuu wa kitivo anasema simameni, maneno ya kutunuku yanasomwa, kofia zinavaliwa, makofi, kaeni. Basi imeisha hiyo. Mzazi anaanza kumsaka mwanae kwenye msitu wa majoho yaliyofanana, wanapiga picha kwenye nyasi, wanarudi nyumbani, na hajui mwanae katengeneza nini. Hajaona hata bisibisi.

Kuna baba mmoja niliwahi kumkuta nyuma ya karakana yetu, kakinga mikono machoni kaegemea kioo cha dirisha anachungulia ndani, binti yake kasimama pembeni na joho anamwelekeza, "ile pale baba, ya kijani, hapo ndo nilikerezea shafti." Mashine yenyewe tulikuwa tumeifunika turubai tangu jana yake kwa hiyo alichokuwa anakiona yule mzee ni turubai na ncha moja ya rangi ya kijani. Aliponiona akanisalimia kwa heshima kabisa akauliza, "Samahani mwalimu, hatuwezi kuingia hata dakika mbili?" Funguo siku ile zinakaa kwa watu wa ulinzi, sina mamlaka nazo. Binti akasema basi baba nitakuonyesha picha kwenye simu.

Mi ile shafti naijua vizuri. Ilikuwa ya pampu, ule mhimili wa chuma unaozunguka, na beringi inayoushika ilikuwa inacheza juu yake kwa kiasi ambacho jicho halioni kabisa, mikromita tu, kile kifaa cha kupimia unene mdogo sana, ndo inasema, na pampu ikiwashwa inatetemeka mpaka boliti zinajilegeza zenyewe. Yule dada alikata nyingine, akaiharibu nayo mwishoni kabisa kwa haraka ya kwenda nyumbani, akakata nyingine tena akiwa hana haraka. Kwangu mimi hapo ndo alipohitimu, na mtu mmoja aliyestahili kusimuliwa hicho kisa akiwa ameishika hiyo shafti mkononi aliishia kuona turubai.

Najua watasema usalama. Na kwa kweli wana pointi, tena niwaongezee nguvu kidogo: joho ni vazi la hatari kuliko yote mbele ya mashine inayozunguka. Sheria ya kwanza tunayomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kwamba mikono mipana, tai, mkufu, nywele ndefu zisizofungwa, vyote marufuku karibu na mashine ya kukerezea, maana ikikamata uzi mmoja inakuvuta mzima mzima na haijui kusimama kwa sababu umepiga kelele. Sasa mtu wa joho na kile kikofia na ule uzi unaoning'inia ndo usimlete kabisa. Lakini jamani, mashine iliyozimwa kwenye swichi kubwa ya ukutani haimvuti mtu. Zima umeme wa karakana nzima, chora mstari wa rangi sakafuni watu wapite hapo, weka mafundi wawili watatu, watoto washikwe mkono. Tunafanya hivyo hivyo wakija wakaguzi na wakija wafadhili, siku hizo kufuli linafunguka bila hata barua.

Nadhani tatizo liko mbali zaidi, tumeazima sherehe ya watu wengine bila kuipima. Majoho haya yanatokana na vyuo vya Ulaya vya karne ya 12 na 13, kina Bologna, Paris na Oxford, ambako wasomi wengi walikuwa watu wa kanisa na kumbi zilikuwa za mawe zenye baridi, vazi refu zito lilikuwa na kazi yake. Kazi yao ilikuwa kusoma maandiko na kubishana kwa hoja, kwa hiyo sherehe yao kuwa ya maneno matupu ni haki yao kabisa. Vyuo vya ufundi vikaja baadaye sana, École Polytechnique ya Ufaransa ilianza 1794, ETH ya Zürich huko Uswisi 1855, MIT ya Marekani ikapata hati yake 1861, na nembo ya hao MIT mpaka leo ina msomi na kitabu upande mmoja na upande wa pili fundi kabisa na nyundo na fuawe lake. Kwenye nembo fundi yupo. Kwetu siku ya mahafali fundi kapangiwa kupanga viti na kuburuza waya za spika, sitanii, hiyo ndo ratiba yangu kila mwaka.

Wajerumani waliyapunguza sana majoho baada ya vuguvugu la wanafunzi la miaka ya 1960, mwaka 1967 huko Hamburg wanafunzi wawili walitangulia mbele ya msafara wa maprofesa na bango linalosema chini ya majoho kuna uvundo wa miaka 1000. Mi sitaki tufike huko, wazazi wanalipenda joho na picha ya joho inakaa ukutani miaka. Ila kuna kitu chao nakipenda sana, mtu akimaliza kutetea utafiti wake wa udaktari wenzake wa maabara wanamtengenezea kofia kwa mikono yao, ya maboksi hivi, halafu wanaibandika vitu vya kazi yake, vipande vya saketi, gia, mirija, vitaa vinavyowaka, kila kitu kinamsema yeye. Kofia kama ile ukiiona tu unajua huyu alikuwa anashughulika na nini. Yetu inasema kodi ya vazi imelipwa na lirudishwe ofisini siku fulani la sivyo kuna faini.

Na Wakanada wao wana pete. Tangu 1925 wahandisi wanaomaliza masomo huko wanakuwa na hafla yao ya pembeni, si ya chuo, wanakula kiapo na kuvishwa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wa kufanyia kazi, ili kila ukichora au ukisaini mchoro ile pete inakwaruza karatasi na kukukumbusha. Watu husimulia kwamba pete za kwanza zilitoka kwenye vyuma vya daraja la Quebec lililoanguka, hiyo si kweli, lakini daraja kuanguka ni kweli tupu. Tarehe 29 Agosti 1907, likiwa bado linajengwa, wafanyakazi 75 wakafa. Urefu wa katikati, kutoka nguzo hadi nguzo, ulikuwa umeongezwa kutoka kama mita 488 hadi mita 549 na uzito wake haukukokotolewa upya ipasavyo, vyuma vya chini vikaanza kupinda, watu wa saiti wakaona kabisa vinapinda, barua na simu za maandishi zikawa zinakwenda na kurudi, na kazi ikawa inaendelea. Hebu niambie ni hotuba gani ya mgeni rasmi itamfundisha mhitimu wa ujenzi kuliko kumsimulia hicho kisa akiwa ameshika chuma baridi mkononi. Wamarekani nao waliiga wakaanza yao mwaka 1970 huko Ohio. Sisi sijui tunasubiri nini, chuma si tunacho humo karakana, pete yenyewe ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Hotuba sizichukii zote, nisieleweke vibaya. Mwaka 1974 pale Caltech, chuo cha teknolojia cha California huko Marekani, aliyezungumza na wahitimu alikuwa Richard Feynman, mwalimu wao hapo hapo chuoni, mtu wa fizikia, na akawapa jambo la kazi kabisa, kwamba ukitoa matokeo yako sema na yote yanayoweza kuyaangusha, usijidanganye, na mtu rahisi kuliko wote kumdanganya ni wewe mwenyewe. Hiyo ni hotuba ya watu wa ufundi. Zetu ni jiajirini, jiajirini, mwaka kwa mwaka, na anayesema hivyo amekaa hatua chache tu kutoka kwenye mlango uliofungwa ambako kuna pampu, kuna inveta, kuna mkono wa roboti uliotengenezwa na hao hao anaowaambia wajiajiri, na pale kwenye viti vya mbele wamekaa wenye viwanda ambao wangeviona vile vitu labda wangeuliza bei. Nani atamwajiri mtu au kumkopesha kwa kuangalia joho?

Kwa hiyo ninachoomba wakuu wa vyuo wafikirie ni hivi, na si kitu cha gharama. Kwanza projekti zisivunjwe zote mapema. Watu wa nje hawajui hili, mwanafunzi akishafanya prezentesheni na kupewa maksi ile kazi yake tunaifungua sisi wenyewe, mota inatolewa, sensa zinatolewa, bodi inafutwa programu, kwa sababu wa mwaka unaofuata wanahitaji vipuri hivyo hivyo na bajeti haitoshi. Miezi inapita, mahafali yakifika hata tukifungua milango ndani hakuna kitu, kuna mafremu matupu na lebo. Basi kila idara ibakize kazi chache mpaka siku ile, na tafadhali zisiwe zile zilizofanya kazi tu, wekeni na ile iliyogoma pamoja na mwenyewe aeleze kwa nini iligoma, mzazi ataelewa vizuri tu, wazazi wengi wao wenyewe ni watu wa kazi za mikono.

Pili, jina la mhitimu likisomwa, lisomwe na la kazi yake. Fulani, alibuni kifaa cha kupima uvujaji wa maji kwenye mabomba. Sekunde nne zimeongezeka. Watasema wahitimu ni wengi tutakesha, sawa, kata hotuba mbili utapata huo muda na chenji inabaki, au gawanyeni sherehe kwa vitivo, kuna vyuo vingi duniani vinafanya hivyo na wala hakuna aliyelalamika kwamba amekosa hotuba.

Na nyie wa magazeti msijifiche kwenye hili. Kila mahafali nasoma habari yenu na picha yenu, picha ni mgeni rasmi anakabidhi zawadi, habari ni mgeni rasmi kasema, mhitimu bora anapewa mstari mmoja chini na hatuambiwi alifanya nini hata akawa bora. Mwandishi anaondoka na mgeni rasmi, gari zikitoka getini na yeye katoka. Hata kama chuo hakifungui mlango, gazeti likiomba kuingia karakana kupiga picha mimi najua ulinzi watafungua, waandishi hawanyimwi.

Sisi mafundi tuko tayari, nimeshaongea na wenzangu wawili wa umeme na wa kuchomelea na wote wamekubali kuja alfajiri kufagia na kuchora huo mstari wa sakafuni, tunachosubiri ni mtu mmoja mwenye saini aseme ndiyo. Na huyo mpiga picha wako ukimtuma, mwambie avae viatu vya kufunika vidole. Ndala hatuingizi, hata kwa mgeni rasmi.

Fundi sanifu wa karakana
(Jina na anwani nimempa mhariri)